Walioanguka Kivukoni

Jumatatu, 13 Oktoba 1919

Leo tumefukua wanne. Wazungu wawili, askari wawili. Mvua bado. Udongo mgumu, jembe linarudi mkononi kama limepiga chuma.

Kitabu hiki nimekiokota katika sanduku lililoliwa na mchwa. Kurasa za mbele zimekwisha, za nyuma nzima. Sasa ni changu. Hakuna atakayekisoma — na heri.

Kazi ni hii. Waliokufa vitani huku Murongo walizikwa popote: kilimani, kwenye mafunjo, kando ya njia. Sasa Serikali inataka walale mahali pamoja, juu ya kilima, mto Kagera ukionekana chini. Sisi vibarua wanane. Tunafukua, tunatia mifupa sandukuni, tunapandisha, tunazika tena. Kisha msalaba wa mti wao wa omushambya. Majina nayaandika mimi kwa rangi nyeupe, maana nina mwandiko mzuri. Bwana Luteni, Mzungu anayesimamia kazi, amesema hivyo mbele ya watu wote. Ameipenda hasa K yangu, ina mkia mrefu kama wa mjusi. Mwalimu wangu kule Rabai alinichapa mwaka mzima kwa ajili ya mkia huo. Haukukatika.

Kabla ya jembe la kwanza Nyapara Nasanaeri hutuambia tuvue kofia, kisha huomba. Ni Mganda, mzee wa kanisa, ana nishani ya vita ambayo huivaa Jumapili. Sauti yake nzuri. Leo amemwomba Mungu awakumbuke hawa "kila mmoja kwa jina lake." Nilitazama miguu yangu.

Bitegeko, kibarua mwenzangu, mwenyeji wa Rugu: "Mimi nikifa nizikeni na jembe langu. Huko nako hawatakosa kumtafuta kibarua." Tulicheka. Nyapara hakucheka.

Jumapili ya tarehe tisa Novemba Padre anakuja kutoka Bukoba kubariki makaburi. Siku ishirini na saba.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeshuka dukani kwa Abdulghani kuchukua rangi. Mtu wa Pangani huyu, yuko hapa kivukoni tangu enzi za Wadachi. Kiswahili chake kinanitia njaa ya nyumbani.

"Karibu, Mnasara! Bado unawapaka wafu chokaa?"

"Rangi, Bwana Abdulghani. Si chokaa."

"Yote nyeupe. Sisi wetu hatuwaandiki. Mwenyezi Mungu hasahau majina."

Mkewe Mwajabu, Mnyambo wa hapa hapa, akaniletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo. Akamwambia mumewe aniache, shemeji ana uso wa mtu aliyefiwa.

Barua ya Priskila ilikuwa mfukoni. Naiandika humu, labda nitaacha kuibeba. Priskila ni dada yangu. Mumewe, Zefania Ngoka, tulisoma naye ubao mmoja. Tulichukuliwa upagazi siku moja, Desemba 1914. Dada anasema kanisani Rabai wanachonga ubao wa majina ya waliokufa vitani. Utawekwa karibu na mimbari, utasomwa kila mwaka. Jina la Zefania halimo. Kitabu cha Serikali kinasema: Katoroka. Kisimani wanamwita mke wa mtoro. Mchungaji amemwambia alete neno la mtu aliyeona. "Wewe ulikuwa naye, kaka. Niandikie mstari mmoja tu."

Barua ina miezi saba. Sijajibu.

Jumapili, 19 Oktoba

Ibada chini ya turubai. Nasanaeri, na nishani yake kifuani, kasoma habari za Daudi kumlilia Sauli na Yonathani. Amesoma vizuri mno. Wengine walijifuta macho.

Kisha Bwana Luteni akasema machache kwa Kiswahili chake cha kitabuni. Kwamba tumekuja huku kuwaheshimu walioanguka. Bitegeko akaniuliza sikioni: wameanguka wapi? Nikamwambia, kwa Kizungu cha kanisani askari hafi, huanguka.

"Na mpagazi?"

"Mpagazi hufa."

Baada ya ibada nilimfuata Bwana, kofia mkononi. Wapagazi je? Orodha yake ina askari na Wazungu tu. Akasema wapagazi watapata msalaba mmoja mkubwa, bila majina, kwa ajili ya wote waliokufa kwa maradhi au kwa risasi. "Lakini watoro hapana, Elkana. Aliyekimbia hatuwezi kumweka hapa." Alisema kwa upole. Si mtu mbaya. Hajafika hata miaka ishirini na mitano, na mkono wake wa kushoto umekufa, risasi ya huko Ulaya. Naye anatafuta wenziwe, nadhani.

Nasanaeri alikuwa nyuma yetu anakunja turubai. Taratibu sana.

Meza ya Bwana Yesu sijaikaribia tangu Mei 1915. Padre akija ataona kwamba siinuki.

Jumanne, 21 Oktoba

Limetokea jambo.

Leo siku ya gulio. Nyapara hayupo, amekwenda Nyakasimbi kutafuta mbao, atarudi keshokutwa. Bwana Luteni kasimama mbele ya duka, akawaambia watu kwamba bado kuna walioanguka ambao hawajapatikana, ajuaye walipo na aonyeshe. Watu wakatazamana. Akamwomba Mwajabu afasiri kwa Kinyambo.

Mwajabu akafasiri alichosikia. *Abagwire.* Walioanguka — yaani walioporomoka, kama mtu anavyoporomoka mtini.

Nilikuwa pale, hatua tatu. Ningeweza kusema: sivyo, shemeji, Bwana anataka waliouawa vitani. Nilifungua kinywa. Nikakifunga.

Maana bibi mmoja alikwisha simama na kikapu chake. Kokwijuka. Mjane, kibanja chake cha migomba ndicho cha mwisho kabla ya maporomoko ya mto. Akasema, na Mwajabu akafasiri: "Walioanguka nawajua. Wako chini kwangu, mwambani. Nina miaka minne nangoja mtu aniulize."

Bwana alifurahi! Kaniambia niandae masanduku mawili kwa kesho. "Labda ni wale askari watatu wa doria waliopotea, Elkana."

Nikasema ndiyo, Bwana.

Jumatano, 22 Oktoba

Mto uko chini kuliko nilivyowahi kuuona. Kokwijuka alituongoza kupita migomba yake, kisha njia nyembamba ya ukingoni, mwamba kushoto, maji yananguruma kulia. Njia ile naijua. Sikuipita, lakini naijua.

Chini ya ukingo kuna ufa. Mto ukijaa hutupa humo magogo. Tukashuka kwa mikono na magoti.

Mafuvu manne mazima. Mengine vipande. Hakuna kifungo hata kimoja, hakuna buti, hakuna risasi. Na kamba. Kamba ya ngozi, nyeusi, imekauka kama kuni, vitanzi bado vimo. Bitegeko akaanza kuvihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na moja Bwana akamwambia anyamaze.

Na chapa za shaba tatu, zile za kuvaa shingoni. Bwana alizisugua kwa kidole gumba, akasoma.

"Hizi si namba za askari."

"Ni wapagazi, Bwana," nikasema.

"Mbona wamefungwa?"

Kokwijuka akasema kutoka juu, na Bitegeko akafasiri huku anatazama pembeni: Walipita hapa siku ya mvua, mizigo kichwani, kamba kiunoni. Wa kwanza aliteleza. Basi.

Basi. Neno lenyewe hilo.

Bwana alikaa juu ya jiwe muda mrefu. Kisha akatia chapa katika kopo la biskuti, na kamba akaibeba mwenyewe kwa mkono wake mzima. Tulipopita kibanjani Kokwijuka alinishika kiwiko. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Nikamwamkia kwa neno lao la heshima, "Mae." Akakiachia kiwiko.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nasanaeri amerudi. Ameona masanduku mawili mapya. Hakuuliza. Sala ya leo fupi.

Wakati wa chakula alikuja kukaa karibu nami, akaniita kwa jina ambalo hajaniita tangu vita iishe.

"Karani. Mguu wako haujambo?"

"Haujambo, Nyapara."

"Mungu mwema. Mguu ule ndio uliokuokoa."

Akala ndizi zake zote.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nusu siku leo. Wenzangu wamekwenda kunywa pombe ya ndizi. Nimebaki. Niandike sasa au nisiandike kabisa.

Mei 1915, masika. Tulikuwa na risasi za kupeleka kituo cha juu kabla ya jioni. Bwana wa mizigo wa wakati ule — kisha alirudi kwao, sijui aliko — alisema jioni, si kesho. Njia ya kilimani ni ya siku nzima. Njia ya ukingoni ni ya saa tatu. Nasanaeri, ndiye aliyekuwa nyapara wetu wa wapagazi, akachagua ukingo. Usiku uliotangulia watu watatu walikuwa wametoroka kweli, naye alikuwa ametukanwa kwa ajili yao. Kwa hiyo akawafunga waliobaki kiunoni, kamba moja, watu kumi na saba. Mimi wa kumi na nane. Mguu wangu ulikuwa umeoza kwa funza, nikaachwa kambini nilinde daftari, kwa kuwa nilijua kusoma.

Zefania aliponipita aliinua kitanzi chake kidogo, akasema, "Tazama, shemeji, nimefungwa kama mbuzi wa Krismasi." Akacheka. Ana mwanya. Alikuwa na mwanya.

Nasanaeri alirudi kabla ya adhuhuri. Peke yake. Ameloa mpaka kifuani, kisu mkononi, na kipande cha kamba kimezunguka kifundo cha mkono. Yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya wote, ameshika ncha. Aliikata. Sijui mimi ningefanyaje. Hilo nalisema kwa haki.

Akaniambia, "Andika."

"Niandike nini?"

"Katoroka."

"Wote?"

Akakaa chini matopeni. Meno yanagongana. Akasema Wazungu wakijua kwamba aliwafunga, watamnyonga. Akasema nikiandika, sitabeba tena mzigo mpaka vita iishe, nitakuwa karani wake.

Nikaandika. Katoroka. Katoroka. Katoroka. Mara kumi na saba, kila K na mkia wake. Zefania alikuwa wa tisa. Nilipofika kwake nilichovya kalamu upya, ili wino usififie.

Sikubeba tena mzigo mpaka vita ilipoisha. Nasanaeri ni mtu wa ahadi.

Watu wananiuliza mbona sirudi kwetu. Nasema nauli. Si nauli.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua imeingia, usiku na mchana. Mto umepanda na rangi yake ni ya damu ya mbuzi.

Bwana Luteni ameandika Bukoba. Anataka daftari la wapagazi la 1915. Limehifadhiwa, Padre atalibeba. Anataka kuona namba za chapa zile tatu zimeandikiwa nini. Akaniuliza: mlikuwa na karani gani siku zile? Nikasema makarani walikuwa wengi.

"Tutamjua kwa mwandiko," akasema.

Leo nimeandika msalaba wa koplo mmoja. Jina lake lina K mbili. Nimeziandika bila mkia. Mkono ulikataa, ikabidi niushike kwa mkono wa pili. Bwana alipita na mwavuli wake, akasimama.

"Umechoka, Elkana? K yako imepoteza mkia."

"Mvua, Bwana."

Ijumaa, 31 Oktoba

Kopo la chapa halimo stoo. Kamba nayo haimo. Tumetafuta asubuhi nzima, na aliyetafuta kwa bidii kuliko wote ni Nasanaeri. Alipiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya kila sanduku. Akasema panya. Bwana akasema panya hali shaba. Nyapara akasema panya wa Karagwe, Bwana, hawajulikani.

Bitegeko kaleta habari: migomba sita ya Kokwijuka imekatwa. Mikungu mibichi imelala chini. Nyapara akasema ni kiboko, mto umejaa, wanapanda.

"Kiboko mwenye panga!" Bitegeko akasema. Kisha akaona anavyotazamwa, akachukua jembe lake.

Jumatatu, 3 Novemba

Dukani. Nilimwambia Abdulghani nimekuja kununua misumari. Akanitazama, akamwambia Mwajabu aende uani.

"Misumari unayo, nimekupa juzi. Sema."

Nikatazama mlango. Akasema yeye. Kwamba siku tatu baada ya mvua ile ya 1915 Kokwijuka alimwita, watu wawili wametupwa kwenye mafunjo yake. Wakawazika migombani, mahali anapowazika watu wa nyumba yake mwenyewe. "Nani Mwislamu, nani Mnasara, sikujua. Nguo hawana. Nikawaswalia wote wawili. Nikasema, ewe Mola, wa kwako mchukue, na yule mwingine pia ni wako."

Nikamuuliza mbona hakumwambia mtu.

"Nani? Wakati ule mtu wa Pangani alikuwa jasusi kabla hajafungua kinywa. Na kivuko kilikuwa mkononi mwa Nyapara wako." Akapanga vitambaa vya marekani ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari. "Lakini mimi sikuwaandika kitu, ndugu yangu. Mimi niliwafukia tu. Mwenye kalamu ni nani?"

Anajua! Miaka yote hii ananiuzia chumvi, ananitania, na anajua.

Nikatoka bila misumari.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku tatu zimebaki. Makaburi arobaini na mawili, yamenyooka kwa kamba ya kupimia. Yanapendeza, kweli. Msalaba mkubwa wa wapagazi umesimama nyuma, mtupu.

Mchana, tukikata majani ya njiani, Kokwijuka kapita na mzigo wa kuni. Akautua mbele yangu. Katikati ya kuni mlikuwa na kifurushi cha gome la mti, lile wanalovaa na kuwafunikia wafu. Amejifunza maneno machache ya Kiswahili, kwa wapagazi.

"Shika. Nyingine. Mto ulileta, mimi nikaweka."

Chapa nne. Nikazigeuza moja moja. Ya tatu ina namba ambayo nilikuwa nikiiona kila siku kwa miezi mitano ikigonga kifua cha Zefania, moja tu nyuma ya namba yangu, kwa sababu tulisimama pamoja mstarini siku ya kuandikwa.

"Mae," nikasema, "migomba yako..."

"Migomba inachipua." Akaniangalia mguu. "Wewe ndiwe uliyebaki hemani."

Hakuuliza. Alisema tu. Akaubeba mzigo wake.

Chapa nimezifunga kiunoni, chini ya shati. Ziko baridi na hazipati joto.

Jumamosi, 8 Novemba

Padre amefika saa nane, matopeni mpaka magotini. Mzee, mnene, anacheka hovyo, ana pete kwenye kamba shingoni kwa sababu vidole vimevimba. Daftari liko ndani ya mfuko wa turubai wa wapagazi wake. Nililiona likipita. Kona yake moja imeliwa na moto. Ni mimi niliyeiunguza, nikipika uji.

Bwana Luteni hakulifungua. Padre alikuwa na homa, amelala. Kesho kabla ya ibada, wamesema.

Nasanaeri alinikuta mtoni nikiosha brashi. Amenyoa, amevaa nishani ingawa leo si Jumapili. Nikafikiri atanipiga. Akakaa juu ya jiwe.

"Utasema ulitumwa."

"Nilitumwa."

"Na nani aliyesikia? Waliokuona ukiandika walikuwepo. Mpishi alikuona. Aliyenisikia nikisema, hakuna." Sauti yake nzuri ikapotea, akawa anaongea kama mtu mwenye kidonda kooni. "Elkana. Wadhani kwa nini naomba kabla ya kila jembe? Wadhani naomba kwa ajili ya hawa askari?"

Nilimhurumia, na nilimwogopa, vyote kwa pamoja.

"Padre kesho asome majina ya askari," akasema, "tuimbe, arudi Bukoba. Daftari nitalishughulikia mimi. Wewe endelea kuandika bila mkia. Umeanza vizuri."

Hata hilo ameliona.

Toka mtoni nilikwenda moja kwa moja dukani. Nikamwomba Abdulghani kipande cha karatasi. Niliandika mstari mmoja, kama dada alivyotaka, ukawa mistari mitatu. *Zefania hakutoroka. Alianguka mtoni amefungwa kamba, Mei 1915, na mizigo ya Serikali kichwani. Aliyeandika Katoroka ni mimi ndugu yako.* Abdulghani aliisoma. Akaishona ndani ya mtumba wa ngozi unaokwenda Bukoba leo hii, na kutoka huko meli, na reli, mpaka Mombasa. Mwajabu alisimama mlangoni na kikapu cha kahawa, amesahau kunikaribisha.

"Sasa huwezi kuirudisha," Abdulghani akasema. "Safari njema kwako pia, shemeji."

Ameniita shemeji. Hajawahi.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua imesimama. Ukungu juu ya mto. Naandika nyuma ya masanduku, kitabu gotini.

Daftari limesalimika. Padre mzee alililalia, kumbe, kichwa chake juu yake kama mto wa kulalia. Nasanaeri alipokwenda asubuhi kumpelekea chai, Padre alimrudishia kikombe kitupu, daftari akampa Bwana.

Kulipopambazuka nilichonga msalaba mmoja, mdogo, kwa mabaki ya mbao. Nimeusimika mwisho wa mstari, baada ya wa arobaini na mbili. Bitegeko alinishikia. Hakuniuliza wa nani. Alisema, "Umechelewa, rangi haitakauka." Nimeitundika chapa ya shaba juu yake kwa msumari. Zile tatu nyingine zimo mfukoni, mbao ziliisha. Nimeandika ZEFANIA NGOKA, na chini yake MPAGAZI. K nimeipa mkia. Mrefu, mpaka chini ya A. Sijawahi kuandika K nzuri kama hii.

Majina mengine ninayo yote kichwani, kwa mfuatano ule ule. Mtu hasahau alichokiandika kwa woga. Wakiniuliza nitayataja.

Watu wamejaa. Kokwijuka yuko mbele, amevaa gome. Abdulghani amesimama mbali kidogo na kofia yake nyeupe, Mwajabu kando yake. Wamekuja kwenye ibada ya Wanasara! Padre amevaa joho. Ameanza wimbo, sauti mbovu, watu wanamfuata.

Bwana Luteni haimbi. Ana daftari wazi juu ya mkono wake uliokufa. Anapita kati ya misalaba. Kwa wale wa mwanzo anasimama, anatazama msalaba, anatazama ukurasa. Anaendelea. Kwa wale niliowaandika baada ya mvua hasimami.

Padre anaita somo lisomwe. Nasanaeri ameitwa mara mbili. Amesimama mahali pake, kitabu mkononi, nishani inang'aa, na midomo yake inatembea lakini hakuna sauti. Watu wanageuka kumtazama.

Bwana amefika mwisho wa mstari. Amehesabu, ameona umezidi mmoja. Ameinama. Anasoma chapa. Anageuza kurasa mbili, anarudi mmoja, anashuka kwa macho — wa saba, wa nane, wa tisa.

Sasa amenyoosha kidole. Anaufuata mkia wa K, polepole, toka mwanzo mpaka ulipoishia.

Rangi bado mbichi. Anakitazama kidole chake. Anainua kichwa, anatafuta kati ya vibarua, na mimi nasimama.